Pindo la Kasuku Lililofungiwa

Sari ya harusi ya mjukuu wangu Thamarai ilikuwa imefika nusu pale kompyuta ilipoandika kwa herufi nyekundu kwamba imekamata adui. Adui mwenyewe alikuwa faili la pindo la kasuku, mchoro wa marehemu mume wangu. Programu ya kuzuia virusi ilikuwa imelifungia. Mtambo wetu wa kufumia husoma mchoro kutoka kompyuta, basi nao ukanyamaza. Kasuku wa mwisho ana mdomo, mkia hana.

Mwanangu akasema, "Mama, tununue ya dukani. Harusi haitungoji."

"Nyumba hii imevika maharusi wa nusu ya mji huu wa Kanchipuram, halafu wa kwetu avae ya dukani? Lete simu."

Mkwe wangu Yazhini, mjuzi wa kompyuta, akashika kipanya, mimi nikashika simu. Muziki wa kungojea ukapigwa. Nikamenya vile vitunguu vidogo vya mchuzi wa sambar, nikachambua dengu, nikatunga na asumini za nywele za Yazhini. Mwisho akaja kijana wa huduma kwa wateja wa kampuni ya programu ile.

"Bibi, sasisha programu kwanza."

"Inakwama, mjukuu wangu. Ikikaribia kumaliza, inarudi mwanzo."

"Basi zima, uwashe."

"Nimezima na kuwasha mpaka swichi imepata joto. Pindo langu liko wapi?"

"Sasisha kwanza, bibi."

Yazhini akaninong'oneza, "Tumepata kasuku wa pili huyu, mama."

Kesho yake alipokea mwingine, maneno ni yale yale. Akaahidi kwamba fundi mkubwa atatupigia.

Fundi akapiga kweli, lakini siku ya Ayudha Puja, siku ya kupumzisha vyombo vya kazi. Mtambo na kompyuta vyote tumeshavipaka msandali na kuvivika maua.

"Leo hapana, mwanangu," nikamwambia. "Leo kompyuta haiguswi."

"Hakuna atakayeigusa, bibi. Naingia mwenyewe kutoka huku Bengaluru."

"Mkono wa mbali si mkono? Kwani yako hukuipaka msandali?"

"Niliipaka asubuhi, bibi."

"Na unaifanyisha kazi?"

"Bosi ndiye aliyetaka."

"Pole, baba. Yangu itapumzika."

Akaandika kwamba mteja amekataa msaada, akalifunga shauri letu. Mwanangu aliketi kizingitini, kichwa mikononi. Yazhini naye akasema, "Mama, hao hawatapiga tena."

"Basi tutawapigia sisi."

Asubuhi yake, siku njema ya kuanza jambo, nikapiga hata kahawa sijanywa. Akapokea binti aitwaye Devaki.

"Bibi, sasisha kwan—"

"Ngoja, binti yangu. Sitaki programu mpya, sitaki ofa. Nataka faili moja litolewe kifungoni. Kama wewe huwezi, niitie anayeweza, nami nakaa hapa hapa. Vitunguu vya kumenya ninavyo gunia zima."

Akacheka. Kisha akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Faili lenyewe linaitwaje?"

Yazhini akamsomea. Devaki akamwongoza taratibu, bofya hapa, shuka chini, mpaka mahali programu inapoweka mateka wake. Pindo letu lilikuwa humo, zima. Akatuonyesha pa kulirudisha na pa kuiambia programu kwamba huyu ni wa nyumbani asikamatwe tena. Kasuku wakajaa kwenye kioo. Kule kusasisha akasema atawapelekea wakubwa zake. Kunakwama hadi leo.

Mwanangu akarukia mtambo. Mara akasita. Mtambo ukisimama siku kadhaa huacha mstari mwembamba kwenye kitambaa, nao huo hapo, umekatiza hariri kutoka ukingo hadi ukingo.

"Tufumue, mama?"

Nikapitisha kidole. Unaonekana ukiutafuta.

"Ukianza kufumua, mwanao ataolewa uzi ungali mkononi mwako. Fuma."

Akafuma. Mkia wa kasuku ukaanza kutokeza, kijani, unyoya kwa unyoya.