Pampa Chaca Haina Wakazi

Jumanne saa mbili asubuhi, Eudocia Huamaní alikuwa mlangoni pake katika kijiji cha Pampa Chaca akimenya viazi vya supu, lori la tatu la mapipa ya manjano liliposimama. Dereva akashuka, akakojolea ukuta wa nyumba ya Eudocia.

"We baba, huna haya?"

Dereva akaangaza huku na huku, akafunga zipu. "Samahani, mama, popote ulipo."

Jirani zake walimwona kama siku zote. Watu wa nje tu ndio hawakumwona mtu yeyote pale kijijini. Saturnino, mwenye redio, akamweleza sababu: serikali imetangaza amri ya dharura, taka za sumu zitupwe mahali pasipo na wakazi. Kisha ikaitaja Pampa Chaca.

"Sasa sisi ni nani?"

"Hapo ndipo redio ilipoanza kukoroma, dada."

Eudocia akavaa kofia yake ya sikukuu, akapanda basi kwenda wilayani. Abiria mmoja akamkalia mapajani, wakaombana radhi. Ofisini, karani alimkaribisha kwa adabu, akawa anazungumza na kiti, ilhali Eudocia alikuwa amesimama dirishani.

"Mto umegeuka rangi. Kondoo wangu wawili wamekufa. Nimekuja kupinga."

"Pole, mama. Pingamizi tunapokea za wakazi."

"Mimi ni mkazi."

"Nakusikia, lakini sikuoni." Karani akaipekua amri mbele na nyuma, akajikuna kichwa. "Labda ulete shahidi anayeonekana."

Jumapili binti yake, Nélida, akaja kutoka mji mkuu. Akasimama uani akiita.

"Niko hapa, mwanangu. Kula kwanza."

Nélida akaupapasa uso wa mama yake kwa viganja. "Umekonda."

"Ni haya maji."

Kesho yake wakaenda wilayani wote wawili. Karani alifurahi kumwona mtu.

"Wewe unaishi Pampa Chaca?"

"Hapana, mama yangu ndiye anayeishi."

"Basi halikuhusu, dada," akasema kwa huruma, na alionekana haelewi hata yeye.

Nélida hakurudi mjini. Alifua, alichota maji, alizika kondoo wa tatu. Serikali ikaongeza muda wa amri siku sitini. Asubuhi ya siku ya tisa tangu afike, Nélida aliinua macho kutoka kwenye bakuli, akamwona mama yake mbele yake, amekonda kuliko viganja vilivyomwambia.

"Umeniona?" Eudocia akauliza.

"Nimekuona."

Eudocia akaweka kijiko chini. "Basi na wewe sasa ni mkazi," akasema, akalia.