Kuku wa Gety na Milango Miwili ya Mashini

Naapa kwa kaburi la mama yangu, haya yote ni kweli tupu, hata pale nitaonekana mubaya.

Falone alilia mbele ya meza yangu, hapa mutaani Saio, bila sauti, mikono juu ya ordinatere yake. "Papa Constant, TFC yangu iko wapi? Ninaitetea siku ya lundi mbele ya walimu." Ile kazi ya kuandika ya kumaliza masomo, miaka tatu muzima, ilikuwa ndani ya ile mashini.

Mbele ya ile siku alikuwa ameniletea mashini nimuwekee Linux pembeni ya Windows. Kazi hiyo nilijifunza peke yangu tangu nipate pensheni. Windows yake iliwaka kwa UEFI. Linux niliiweka kwa Legacy, namna ingine ya kuwasha mashini. Nyumba moja, milango miwili: ukiingia kwa mumoja, wa pili hauuoni. Kurudi kwa Windows, kwenye TFC iko, unagusa F2 mashini ikianza kuwaka, unabadilisha mode. Sekunde kumi. Sikumwambia. Nilipenda kuangalia ule uso.

"Imemezwa," nilisema. "Nitaifuata ndani ya diski siku tatu. Lakini kazi ya namna hiyo inaomba kuku."

Mama yake, Adèle, alikimbia vita ya kwao Gety na kuku mumoja chini ya kitenge. Mayai ya huyo kuku ndiyo yalilipa karatasi za masomo ya Falone. Adèle alimuleta yeye mwenyewe, miguu imefungwa kwa kipande cha kitenge kile kile. "Baba, mutoto wangu asianguke."

Nilimula kuku na sombe ya majani ya muhogo. Alikuwa mugumu. Siku ya tatu nikagusa F2, nikamurudishia Falone mashini.

Lundi Falone alitetea, akapita. Wakamumwangia poudre ya furaha kichwani, kiwanja cha kwao kikajaa watu, na miye, chupa mukononi, nikahadisia namna nilipigana na diski siku tatu, mpaka ikatema. Falone, mweupe kwa poudre kama mufu, akaniwekea mashini kwenye magoti. Linux ilikuwa imefunguka. Akaizima, akaiwasha, akagusa F2. Windows ikatokea.

"Katsuva anayetuprintia ndiye alinionyesha," akasema. "Sekunde kumi, Papa."

Adèle akauliza pole pole: "Muzee, kuku yangu iko wapi?"

Nilienda kwangu kumufungua mbuzi wangu wa mimba, mumoja tu niliye naye, nikamuletea. Adèle akapokea kamba, akamupapasa tumbo.

"Iko muzuri," akasema. "Lakini hatukutoka naye Gety."

Akaomba kile kipande cha kitenge. Nilikuwa ninapangusia nacho mashini za watu. Nikakitoa mufukoni, nikamurudishia.