Koti la Kalisti

Josefina aliipokea ile picha kwa mikono miwili, akaitazama, kisha akaigeuza nyuma kana kwamba mumewe kajificha huko.

"Uso wake uko wapi?" aliuliza.

Mtafiti wa Kizungu, aliyemletea picha hiyo kutoka kwao Ulaya hadi kijiji hiki kipya cha ujamaa karibu na Chala, alitabasamu. "Mama, nilikuwa nachunguza kilimo cha Wafipa. Nilitaka jembe na tuta."

Kweli, jembe lilikuwapo, na tuta, na mikono yenye mishipa ikitokeza kwenye koti jeusi. Mtu mwenyewe aliishia kifuani. Siku ile ya kupigwa picha, Kalisti alinyoa ndevu, akaazima koti kwa Hamidi mwenye duka, akasimama shambani na jembe lake, akijikaza asipepese macho. Hakuwahi kupigwa picha nyingine, na sasa ana masika mawili kaburini, kule kijiji cha zamani walikoondolewa watu wote.

"Nilitaka pia kukuuliza," mtafiti alisema, kalamu mkononi. "Wafipa huvaa koti wanapolima?"

"Koti la kulimia! Una wazimu, bwana? Alijua anapigwa picha."

Mgeni alipoondoka, Josefina hakuitundika picha juu, karibu na msalaba, kama majirani walivyomshauri. Aliipigilia chini, mahali ambapo kifua cha Kalisti kingefika kama angesimama hapo, ili juu yake pabaki nafasi ya uso.