Ukungu kwenye Boneti

Isidori Burito aliendesha magari ya serikali miaka thelathini na moja bila kuacha mkwaruzo hata mmoja kwenye rangi, na jambo hilo alilisema kabla hata ya kuulizwa hali. Ungemkuta msibani, angelisema. Ndiyo maana kamati ya harusi ya binti yake Gloria ilipopendekeza atafutwe dereva kijana wa kumpeleka bibi harusi kanisani Butiama, kikao nusura kivunjike. Isidori alisimama akawaambia kwamba alimwahidi Gloria tangu yuko darasa la kwanza: siku utakayoolewa, dereva wako ni mimi. Mwenye pingamizi aseme. Hakuna aliyesema.

Gari lenyewe lilikuwa la kuazima. Makongoro, kaka wa mkewe Sabina, mfanyabiashara wa Manyamanyama kule Bunda, alilileta Ijumaa asubuhi, siku moja kabla ya harusi. Crown nyeusi ti, ya kung'aa, ingawa ilipofika Nyakato, nyumbani kwa Isidori, ilikuwa imeshavikwa vumbi toka paa hadi matairi.

"Shemeji," Makongoro alisema akimkabidhi ufunguo, "gari hii hainaga neno, ila rangi yake inachubukaga haraka. Ukiiosha, ioshe kama unaogesha mtoto mchanga."

"Unamwambia nani?" Isidori akamuuliza.

Makongoro akacheka, akaenda mjini kufuatilia viti na turubai.

Taabu ilikuwa maji. Hiyo ilikuwa wiki ya tatu ya mgao. Bomba lilitoka Jumatatu na Alhamisi tu, na gari la matangazo lilikuwa limepita likionya kwamba atakayekutwa anaosha gari kwa mpira atajieleza kwa mtendaji. Waosha magari wote walikuwa wamefunga. Ziwa lilikuwa pale pale, ukipanda jiwe lolote unaliona, lakini kuoshea gari ziwani ni kosa, na Isidori hakuwa mtu wa makosa. Sabina akamchotea ndoo moja kutoka kwenye pipa la kupikia wageni.

"Moja tu, baba Gloria. Usinirudie."

"Itatosha na itabaki."

Na jinsi alivyoanza, ungemwamini. Aliliweka gari kivulini. Akavua saa, akavua pete ya ndoa, akavua mkanda ili chuma chake kisiguse mlango, akaifunga suruali kwa kamba ya katani. Akatoboa kizibo cha chupa, akawa ananyunyiza maji kidogo kidogo ili vumbi lilowe na kushuka lenyewe, kwa sababu vumbi ni mchanga, na anayelisugua likiwa kavu anajikwaruzia gari kwa mkono wake. Kisha akachukua fulana kuukuu ya pamba, akaipaka sabuni kidogo, akaanza juu kwenye paa, akipangusa kwa mstari mmoja ulionyooka, hazungushi wala hagandamizi. Upande wa fulana ukishapita mara moja, anaukunja ndani na kutumia mwingine. Fulana ikianguka chini, hairudi kwenye gari. Hiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza, na kwa sheria hiyo vijana wengi wa ofisini walitukanwa.

Saa sita alikuwa amemaliza na robo ndoo imebaki. Akarudi nyuma hatua tatu ili alitazame gari. Boneti ilikuwa na ukungu.

Hakuelewa. Alikuwa ameipitia mara mbili. Akasema labda ni sabuni imegandia, akanyunyiza, akapangusa, akarudi nyuma. Ukungu ule ule, mweupe mweupe, hasa pale jua lilipopenya majani na kupiga. Akaimalizia robo ndoo yote. Ukungu haukutikisika.

Akamrudia Sabina kuomba maji ya kutoa vumbi la boneti, naye akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Vumbi gani? Gari imetakata tangu saa nzima."

"Sabina, mwenye macho haambiwi tazama. Tazama hapo."

"Natazama. Najiona mpaka kilemba."

Isidori akainama. Hakuona kilemba. Alimtazama mkewe kujua kama anamtania, na uso wa Sabina haukuwa na utani. Basi akajua: mwanamke huyu anabania maji yake, yuko tayari binti yake apande gari chafu ili pilau lisikose maji. Moyo ulimuuma kweli.

Nyuma ya nyumba palikuwa na dumu limefungwa kitambaa cheupe, maji ya kuogea bibi harusi, hakuna ruhusa kuyagusa. Isidori aliyagusa. Alichota nusu, akarudi nayo akitazama huku na huku kama mwizi wa kuku kwenye boma lake mwenyewe. Akaosha boneti upya, mara ya tatu sasa, au ya nne, na maji yakaisha, na ukungu ukabaki umemkodolea macho. Hapo ndipo akili ilipomruka. Fulana ilimponyoka ikaanguka, akaiokota, akaanza kusugua. Kavu. Kwa kuzungusha. Kwa nguvu zote za bega, huku anasema peke yake, "Toka! Toka hapo!"

Akiwa katika hali hiyo, Makongoro akaingia getini.

"Shemeji! Unaipiga msasa?"

"Nini?"

"Boneti! Umeichora yote!"

"Wapi?" Isidori aliinama, akatazama, hakuona kitu. "Wapi, Makongoro? Wote leo mmepanga kunichanganya?"

Makongoro alishika kichwa, akazunguka gari, akarudi. Sabina naye alitoka, akaona, akaweka mkono mdomoni. Walikuwa wanaona kitu kimoja wote wawili, naye hakioni, na kile anachokiona yeye, wao hawakioni. Isidori akafuta jasho kwa mkono uliojaa sabuni. Sabuni ikamwingia jicho la kushoto, ikawaka, akalifumba.

Gari likang'aa.

Liling'aa jeusi kama sufuria jipya, akaona matawi ndani yake, akaona kilemba cha Sabina. Akaona na mikwaruzo, miduara juu ya miduara, kazi ya mkono wake. Akalifumbua jicho lile likiwa linachuruzika, na ukungu ukarudi. Akalifumba tena. Gari safi. Akalifumbua. Gari chafu. Alifanya hivyo mara nyingi, wenzake wakidhani analia.

"Basi, shemeji, basi," Makongoro akalegea. "Polishi itatoa. Umechoka tu, harusi inachoshaga. Kesho endesha, nani asiyejua udereva wako?"

Ufunguo ukabaki mfukoni mwake. Ukungu ulikuwa jichoni mwake, na hakuna aliyejua isipokuwa yeye. Alikaa kwenye tofali. Miezi mingapi amekuwa akilaumu vumbi la Nyakato? Alidhani mji umechakaa. Alifumba jicho la kulia ili alipime la kushoto, akatazama barabarani, akaona weupe tu, na pikipiki iliyopita aliisikia bila kuiona. Lakini la kulia ni zima, akajiambia. Watu wanaendesha na jicho moja. Butiama si mbali. Nitakwenda polepole. Aliyasema yote hayo na hakuna hata moja lililomtuliza.

Jioni aligonga mlango wa chumba cha Gloria. Binti alikuwa amekaa kitandani, miguu ina hina mbichi, hawezi kusimama.

"Maji yako nimeyapunguza," Isidori alianza, akiwa amesimama mlangoni.

"Mama ameniambia."

"Na kesho sitaendesha."

Alingoja aulizwe kwa nini, maana alikuwa ameandaa maelezo marefu. Gloria hakuuliza. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, akaanza kutokwa na machozi taratibu.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu Pasaka, baba. Tulivyokuwa tunaenda kwao mchumba wangu, ulipitiliza njia panda ya Butiama. Mimi nikakuonyesha kibao, ukasema ulikuwa unaangalia mahindi ya watu."

Isidori aliikumbuka siku hiyo. Mahindi hata hakuyaona.

"Ukanyamaza?"

"Ningesemaje? Wewe ukiguswa udereva wako unaumiaga."

"Sasa kesho ungefanyaje? Ungepanda?"

"Ningepanda."

"Na unajua baba yako haoni?"

"Ningepanda tu, baba. Ulikuwa umeniahidi."

Miaka thelathini na moja barabarani, mvua, tope, ng'ombe wa watu, malori yasiyo na taa, na hakuwahi kumwachia mtu usukani. Sasa aliutoa ufunguo mfukoni. Akageuka upande wa uani, alikokuwa Makongoro.

"Shemeji!" aliita kwa sauti iliyopasuka. "Njoo uchukue ufunguo wako. Njoo sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo."