Nyuzi Juu, Nyuzi Chini

Dukani kwa shemeji yake, mjane hakuruhusiwa kufungua mdomo mbele ya mteja. Kazi yake ilikuwa kukagua magitaa yaliyoletwa kuuzwa, kisha kuyalaza mezani: nyuzi juu ni zuri, nyuzi chini ni bovu. Kusema aliachiwa shemeji, na mtu yule kwa kusema hakuwa na mpinzani. Zuri aliliponda mpaka mwenyewe alionee haya. Bovu alilichukua kwa hela ya chai, akampa mjane alichomoe vipuri.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa miaka sita. Tangu mumewe azikwe alilala chumba cha nyuma, nyuma ya pazia. Hakulipa kodi, na shemeji hakuchoka kumkumbusha. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja tu, wa mbele, na ufunguo wake ulining'inia kiunoni mwa shemeji.

Asubuhi moja aliingia muuguzi, bado yumo ndani ya sare ya zamu, kabeba gitaa lililofungwa kwa shuka.

"La baba," alisema. "Alilinunua hapahapa, zamani kidogo. Sasa vidole vimemfa ganzi, hapigi tena."

Mjane alilipokea. Karatasi ya kiwanda ndani ya tundu la sauti ilitaja magitaa ya bei poa, yale ya plaiwudi yanayotengenezwa kwa maelfu. Mwingine angeishia hapo. Yeye alipitisha ukucha kwenye ukingo wa tundu. Plaiwudi huonyesha tabaka. Hapa mistari ya mbao ilishuka moja kwa moja bila kukatika. Mbao nzima. Kuna mtu aliyebandua uso wa kiwandani akaweka mwingine kwa mkono wake. Akaingiza kioo chake kidogo ndani. Kulikuwa na mchoro wa penseli: samaki mwenye jicho moja. Marehemu mumewe alimchora samaki huyo kila mahali, hata kwenye kadi ya zahanati.

Hili ndilo gitaa la mumewe ambalo shemeji, baada ya mazishi, alilichungulia akasema ni plaiwudi iliyooza, atalitupa. Wakati ule mjane hakujua kukagua hata kijiko. Alikuwa amechoka na kulia, akamjibu, "Lichukue tu, linanijazia nyumba." Kumbe jamaa aliliuza. Hasira zilimpanda mpaka masikio yakawaka.

Alijua la kufanya. Likionekana bovu, jioni litakuwa kwenye rundo lake la vipuri, lake tena. Akalilaza nyuzi chini.

Shemeji hata hakulitazama. Siku hizi alikagua kwa macho ya mjane. "Dada yangu, hii ni plaiwudi iliyooza. Nikikupa ya chai nitakuwa nimekuhurumia."

Muuguzi alishusha pumzi. "Haya, lichukueni tu. Linatujazia nyumba."

Mjane aliona aibu: hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe baada ya mazishi. Ni yeye yule aliyesimama ng'ambo ya meza, na safari hii mwizi alikuwa yeye.

"Dada," alisema. Shemeji aligeuka kana kwamba meza ndiyo iliyosema. "Usiliuze hapa. Uso wake ni mbao nzima, kazi ya fundi hasa. Wapelekee wapiga muziki, na usikubali chini ya mshahara wako wa mwezi."

Akalifunga shuka mwenyewe, akakaza fundo, akamkabidhi. Fundi ni nani, hakumwambia. Angeambiwa, muuguzi alionekana mtu wa kulirudisha kwa mjane.

Walipobaki wawili, shemeji aliuliza taratibu, "Umeyajulia wapi hayo?"

"Hapahapa, shemeji. Na samaki nimemwona."

Shemeji akakibeba kiti cha mjane, akakiweka nyuma ya pazia. "Kuanzia leo utakagulia huku, wateja wasikuone."

Mjane akaenda akakaa. Pengine pa kwenda hakuwa napo. Lakini kwa miaka sita, kila alipokuwa chumbani, alikuwa amesikia kila neno la shemeji kupitia pazia lile; sauti ilipita, basi na yake ingepita. Gitaa la kwanza lilipopitishwa kwake, alilikagua, akalilaza nyuzi juu, kisha akasema kwa sauti ya kuwafikia wote wawili, shemeji na mteja, "Hili zuri."