Sauti ya Mtungini

Tangu masikio ya Biasha yaanze kufifia, mazungumzo yake na binti yake Fauzia, muuguzi huko Maskati, yalikuwa yamepungua hadi kubaki salamu. Fauzia husema, naye mama, simu ikiwa imebanwa sikioni, hujibu "alhamdulillahi" hata pale ambapo hakuambulia neno. Ndipo binti alipomtumia kisaidizi cha sauti: kijimashine cha mviringo, kadiri ya kifuu cha nazi, kinachopokea simu kwa kuamriwa tu kwa mdomo. Lakini sauti yake nayo ilikuwa ndogo kama umbo lake.

"Tutakiunga na spika kubwa," alisema kwa sauti ya juu fundi Valentini, aliyekuja Mchinga kutoka Lindi. "Bila waya, mama. Nimekuja nayo mpya."

"Spika ninayo."

Akamwonyesha. Ilikaa ndani ya mtungi wa udongo uliolazwa ubavu, mdomo ukielekea dirisha na mikorosho iliyokuwa nje. Valentini akacheka.

"Mtungi mkubwa hivi nyumbani kwa Waislamu, Bi Biasha! Kwetu ungekuwa na pombe."

"Kwenu pombe, kwangu maneno. Unga hapo."

Marehemu mumewe, Majid, alikuwa fundi redio asiyeweza kutembea mbali. Msimu wa korosho, Biasha akiokota shambani, yeye alikaa ndani na kipaza sauti, na mtungi ukayabeba maneno yake hadi mkorosho wa mwisho: "Mama Fauzia, chai tayari!" Naye alimjibu kwa ukelele mrefu. Fauzia, mdogo wakati huo, alisimama dirishani akiungoja ukelele huo.

Spika ya zamani haikujua lolote ila waya. Valentini akakwangua kutu, akapitisha waya kutoka kwenye kisaidizi hadi kwenye amplifaya ya marehemu, na kutoka hapo hadi mtungini.

"Ila kwa waya hutaweza kutembea nacho, mama. Ukitaka kuzungumza, kaa karibu nacho. Hiki ndilo sikio la Fauzia," alisema akiwa ameinamia nyaya.

"Alhamdulillahi," alijibu Biasha.

Baada ya alasiri Fauzia akapiga. Valentini akaamuru kwa Kiingereza chake cha sekondari, na simu ikapokelewa.

"Shikamoo, mama!"

Sauti ilitoka mtungini nene, yenye mwangwi, kila silabi imekamilika. Biasha alivaa kandambili, akatoka, akaupita mkorosho wa kwanza na wa pili, akaenda moja kwa moja hadi ule wa mwisho, na sauti ikamfuata kote.

"Mama? Upo?"

Dirishani Valentini alipunga mikono yote miwili, akionyesha ndani. Biasha aliona midomo yake ikifunguka, hakusikia kitu.

"Mbona kimya, mama?"

Akaweka viganja kinywani, akauachia ule ukelele mrefu ambao hakuwa ameutoa tangu siku ya mwisho ya Majid.

Mtungi ukanyamaza. Ukanyamaza hata Biasha akadhani simu imekatika, na pamoja nayo kila kitu. Akashika shina la mkorosho.

Kisha sauti ikarudi.

"Nimekusikia, mama. Kwa mbali sana. Kama ulivyokuwa ukimwitikia baba. Usirudi ndani kwanza. Niitikie tena, nisimame hapa dirishani, huku Maskati."

Biasha akavuta pumzi.

"Marahaba, Fauzia!" akaita. "Marahabaaa!"