Chupa ya Wifi

Bibi Mapazia aliitwa hivyo kwa sababu alishona mapazia tangu enzi za cherehani ya mkono, na kwa sababu, walivyosema wenye midomo yao, hapakuwa na dirisha mtaani ambalo hakuwahi kuchungulia kwa kisingizio cha kulipima. Hakukanusha. Saratani ilipomwingia titi la kushoto, alimwambia daktari kwamba haoni ajabu, titi lile lilikuwa na kiburi tangu usichana.

Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, naye aliugua mwaka huohuo, na kwa kuwa nyumba ya Bibi Mapazia ndiyo iliyokuwa karibu na hospitali, alihamia hapo na masanduku yake. Huyu watu walimwita Mama Simu. Ujana wake wote aliwaunganishia watu simu na kusikiliza kila neno, kwa hiyo alijua siri za mji mzima na hakusamehe hata moja. Mawifi hawa walikuwa wametaniana na kununiana tangu siku ya harusi, na sasa wakajikuta wanatapika kwa zamu kwenye beseni moja.

Daktari wao, kijana mpole aliyeongea kama anaogopa kuamsha mtoto, ndiye aliyewaletea habari ya homoni. Aliwaeleza kwamba mwili wenyewe hutengeneza homoni fulani gizani, ile inayoleta usingizi, na mtu akizeeka kiwanda chake hupunguza kazi. Wataalamu wanashuku kwamba mgonjwa akipewa homoni hiyo kwa wingi pamoja na dripu za saratani, huenda ikazisaidia dripu, au angalau ikapunguza ukali wake. Huenda. Neno hilo alilirudia mpaka Bibi Mapazia akadhani ndilo jina la dawa. Ili kujua ukweli, wagonjwa wengine watapewa chupa yenye homoni, wengine chupa ya vidonge vinavyofanana navyo lakini vya unga mtupu, na hakuna atakayejua nani kapata nini, hata nesi anayegawa. Kila mtu ameze vyake jioni, alale penye giza, na asibadilishane na mtu.

Bibi Mapazia aliitikia kwa kichwa. Darasa la saba alilimaliza kwa kuitikia kwa kichwa, na hakuona sababu ya kubadili mbinu uzeeni.

Giza alilishughulikia mwenyewe. Alishona mapazia meusi mazito ya vyumba vyote viwili, akayatundika mchana kweupe, na majirani wakaja kutoa pole wakidhani wifi amekufa. Mama Simu ndiye aliyewafungulia mlango.

Basi Bibi Mapazia akaanza kumeza, na akalala kama gunia. Akikoroma, kuku wa jirani walihama upande. Asubuhi alikunywa uji vikombe viwili na wote ukabaki tumboni. Hapo akajua, bila kumuuliza mtu, kwamba chupa yake ndiyo yenyewe. Kibandani kwake pakageuka darasa. Chaki mkononi, tepu shingoni, aliwaeleza wateja jinsi homoni inavyopita kwenye damu na kuikanya saratani kwa adabu. Mwenye dirisha refu aliondoka na elimu ndefu na pazia fupi.

Chumba cha pili mambo yalikuwa mengine. Mama Simu hakupata usingizi, mdomo ulijaa vidonda, na gauni likawa ndilo linalomvaa yeye. Bibi Mapazia alimtazama akasema moyoni, maskini, huyu wamempa unga. Akamwonea huruma. Pia akaona nafasi, maana tangu aolewe hakuwahi kumfanyia wifi yake jambo la kumlazimisha kusema ahsante.

Jioni moja akachukua bakuli la sukari, akalipangusa, akamimina humo vidonge vya chupa zote mbili na kuvichanganya kwa kidole kama anayechambua mchele.

"Wifi, daktari kakataza," akasema Mama Simu.

"Kakataza kubadilishana. Sisi tunagawana. Kaka yako angekuwa hai angesema nini nikikuacha ule unga peke yako?"

"Angekwambia uache kiherehere."

"Basi meza, ukanune usingizini."

Akameza. Haikupita wiki, naye akaanza kulala na vidonda vikapungua. Kila mara Mama Simu alipopiga mwayo, Bibi Mapazia alikohoa kidogo, kikohozi cha mfadhili.

Siku ya kliniki wakapimwa mkojo, orodha ya siri ya chupa ikabidi ifunguliwe, na Bibi Mapazia akaitwa ndani peke yake.

"Mama," daktari akasema, "mkojo wako una homoni ambayo chupa yako haina."

Kwanza alijaribu kudai kwamba huenda ni mtu wa homoni nyingi kwa asili. Daktari akasubiri. Kijana yule alijua kusubiri, ikabidi bakuli la sukari litajwe. Halafu Bibi Mapazia akauliza, kwa sauti ambayo mwenyewe hakuitambua, kama amemdhuru wifi yake.

"Sijui. Kama homoni inasaidia, umemnyima nusu. Kama haisaidii, hujamnyima kitu. Ndicho tulichokuwa tunatafuta, na kwenu ninyi wawili hatutakijua tena."

Wote wawili wanatolewa kwenye hesabu ya utafiti, dripu zitaendelea kama kawaida. Mama Simu akitaka anaweza kupewa chupa mpya ya homoni chini ya uangalizi. Bibi Mapazia arudishe vilivyobaki bakulini, yeye hapewi kitu. Aliomba apewe japo chupa ya unga, maana unga ule ulikuwa umemfaa sana. Daktari akasema akishajua ni unga huenda usimfae tena. Bibi Mapazia akaona hiyo ni dharau kwa mwanamke aliyeishi na mume miaka yote ile huku akijua kwamba naye ni unga. Lakini kumwambia wifi, akasema, atamwambia mwenyewe.

Kutoka mlangoni hadi kwenye benchi alitunga uongo wa aina tatu. Mashine imeharibika. Mikojo imechanganywa. Daktari bado mtoto. Ila aliyekaa benchini alikuwa amewasikiliza waongo wa mji mzima kwa masikio yote mawili, akiwajua kwa pumzi tu kabla hawajafungua mdomo.

"Wifi, chupa ya kweli ilikuwa yako. Mimi ndiye niliyekuwa na unga. Nimekula dawa yako huku nakohoa."

Mama Simu akauvuta mkoba wake mapajani. Mkono wake ulikuwa juu ya mkoba, mishipa iliyochomwa dripu imekuwa rangi ya wino. Bibi Mapazia aliutazama, akakaa kando yake.

"Ulinionea huruma," akauliza Mama Simu, "au ulitaka nikupigie magoti?"

"Magoti."

"Huruma haikuwepo?"

"Ilikuwepo. Ilikaa nyuma."

Mama Simu akavuta pumzi. "Ungeniambia huruma tu, leo ningefunga masanduku yangu. Sasa sikiliza. Maji ya kumezea utaniletea wewe. Kila jioni, na usimame hapo mpaka nimeze."

Ndivyo ilivyo mpaka sasa. Jioni Mama Simu hukaa kitandani kama bibi harusi, kidonge kiganjani, na Bibi Mapazia husimama mbele yake ameshika glasi kwa mikono miwili. Homoni inasaidia au haisaidii, hakuna anayejua, lakini Mama Simu anaimeza yote, peke yake, na haraka hana. Mara maji ni ya baridi, mara ni ya moto. Jana alinusa glasi akasema ina harufu ya samaki, na nyumba ile haijapika samaki mwezi mzima. Bibi Mapazia akaipokea, akaenda kuiosha.